Kengele ya Emma

Mimi naitwa Epiphanie, na kama hujui kulitamka jina hilo, jifunze. Bibi Hathersage hakutaka kujifunza. Siku niliyoanza kazi kwenye jumba lake la mawe, juu ya kilima kinachoitazama Braamfontein, hapa Joburg, aliniambia kwamba humo ndani kila mtumishi huitwa Emma. Babu zake walikuja na desturi hiyo kutoka Uingereza, zama za viwanda na moshi wa makaa ya mawe, kwa kuwa waliona usumbufu kukariri majina ya wasichana wa kazi. Nikacheka kimoyomoyo. Mwenye njaa hana miiko. Niite hata Malkia, mradi mshahara uingie.

Jumba lenyewe ndilo lilikuwa biashara. Kila Jumapili wageni kutoka Randburg walilipa kuja kunywa chai kama mabwana wa enzi zile, nami nimevaa gauni jeusi na aproni nyeupe, napita ngazi za nyuma, nageukia ukutani kila bwana anapopita, asiuone uso wa mtumishi. Upuuzi mtupu. Jikoni kulikuwa na safu ya kengele, kila chumba na yake. Moja tu ilikuwa imekatwa waya: ya chumba cha watoto, ambacho mlango wake ulizibwa kwa matofali.

Kengele ikilia, mimi huitika, "Karame!" Kwetu Burundi ukiitwa ndivyo unavyoitika, na maana yake ni kumwombea anayekuita aishi siku nyingi. Binti yangu Diane kazaliwa hapa hapa Joburg. Kirundi hajui, Kiswahili anasikia tu, lakini neno hilo nilimfunza tangu anatambaa. Samaki mkunje angali mbichi. Akiitwa popote huitika hivyo, nami huvimba kichwa kwa fahari.

Shule zilipofungwa sikuwa na wa kumwachia. Bibi akasema nimlete. Alimtazama kutoka utosini hadi viatuni, akatabasamu mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mtoto aonekane, asisikike," alisema. "Na asikae bure. Enzi zile, wa umri wake walikuwa wameshaanza kazi."

Akamletea aproni ndogo, ya zamani lakini imetiwa wanga na kupigwa pasi. Ilimkaa Diane kana kwamba fundi alimpima.

"Ilikuwa ya nani, Madam?" nikauliza.

Akanionyesha picha ukutani: watumishi wamejipanga mstari, nyuso zao ukungu, maana kamera za siku hizo zilitaka mtu atulie kwa muda mrefu, nao walitikisika. Mmoja tu alionekana vizuri, hadi kope. Kasichana kadogo, kameketi kitini.

"Emma mdogo," alisema. "Huyo aliweza kutulia kwa sababu alikuwa ameshakufa. Ilikuwa desturi kuwapiga picha wafu kabla ya kuwazika. Siku aliyokufa kengele ilimwita toka chumba cha watoto, hakuitika. Tangu hapo nyumba inamngoja anayeitika." Akanigeukia. "Wewe unaitika vizuri sana, Emma. Mtoto naye umemfunza?"

Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Wageni walikuwa wameshaketi na birika linachemka, nikaamua tukimaliza chai hiyo tunaondoka, hata mshahara nauacha. Nikamkalisha Diane kwenye kigoda karibu na jiko.

"Usitoke hapa," nikamwambia. "Na usimwitikie mtu yeyote ila mimi. Umesikia?"

"Sharp, Mama," akakubali kwa lugha ya watoto wa Joburg.

Nikapeleka trei. Nikamimina chai, nikagawa keki, nikageukia ukutani kama kawaida. Niliporudi jikoni kigoda kilikuwa kitupu.

"Diane!"

Nikapanda ngazi za nyuma nikifungua kila mlango, nikashuka tena, nikaita kwa sauti yangu yote, ya sokoni, wageni wote wakaacha kunywa. Bibi Hathersage alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Aliweka kidole midomoni, akanyoosha kingine kuelekea ukutani.

Ile kengele iliyokatwa waya ilikuwa inatikisika. Ikalia mara moja, taratibu.

Na juu, nyuma ya matofali, nikamsikia mwanangu akiitika kwa adabu yote niliyomfunza mwenyewe:

"Karame!"