Gesi ya Hombolo

Yudith alijibu kwa neno moja tu, na neno hilo ndilo lililomnyima raha mwezi mzima.

Ilikuwa mwishoni mwa Julai. Kikundi cha wakulima wa zabibu kule Hombolo kilikuwa na chumba cha baridi, kidogo tu, cha kuhifadhia zabibu za mezani zikisubiri wanunuzi wa mjini. Tangu mwaka uanze, gesi ya chumba hicho ilikuwa imeisha mara nne. Kila ikiisha aliitwa Mzee Noeli Mazengo, fundi friji wa miaka mingi kutoka mtaa wa Kikuyu mjini, naye kila alipokuja alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, akatazama kama linatoa mapovu, asione kitu, akajaza gesi, akaondoka. Mara ya nne wanachama wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti wao, Mama Domitila, hakuwa mtu wa kunong'ona. Alipanda gari hadi mjini, akamfuata Yudith kwenye kibanda chake cha ufundi, akamuuliza akiwa amesimama mlangoni:

"Mwanangu, wewe ni fundi. Hivi fundi anaweza kuiachia gesi itoke makusudi, ili aitwe tena?"

Yudith alikuwa ameinama juu ya jokofu la mtu. Noeli ndiye aliyemfundisha kazi. Alikaa kwake miaka miwili, akambebea mtungi, akala ugali wa mkewe. Angeweza kusema mengi. Lakini kazi zilikuwa chache, na swali lenyewe halikumtaja mtu.

"Inawezekana," alisema.

Mama Domitila akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Wiki ile ile Noeli akaambiwa asikanyage tena Hombolo, na kazi akapewa Yudith. Habari hazikukaa Hombolo. Mwenye bucha pale Kikuyu akatafuta fundi mwingine, na nyumba ya wageni iliyokuwa ikimwachia Noeli friji zake zote ikaacha kupokea simu yake.

Yudith alijaza gesi, akakaza kila nati, akajiambia yamekwisha. Siku ya kumi na mbili simu ikalia. Alikuwa Geofrey, mtunza stoo wa kikundi.

"Fundi, chumba kimeanza kupata joto. Feni zinazunguka, kompresa inanguruma, baridi hakuna."

"Umeme haukukatika?"

"Umeme upo. Gesi imekwisha tena." Geofrey akashusha sauti. "Watu wameanza kuuliza, na huyu naye?"

Na huyu naye. Yudith alikata simu, akakaa, akasimama, akatoka nje ya kibanda bila kujua anakwenda wapi. Aliona wazi kwamba akijaza gesi na kuondoka, baada ya wiki mbili mtu atakwenda kumuuliza fundi mwingine swali lile lile, na fundi huyo atajibu kama alivyojibu yeye.

Hakununua gesi tu. Alinunua na kichupa cha rangi ya kutafutia uvujaji, taa ndogo ya mwanga wa zambarau, na miwani ya njano. Rangi hiyo huingizwa kwenye mfumo, ikachanganyika na mafuta ya kompresa na kuzunguka nayo ndani ya mabomba yote. Penye tundu, hata likiwa dogo kuliko la sindano, hutoka pamoja na gesi na kuacha doa. Kwa macho matupu doa hilo ni vigumu kuliona. Likimulikwa kwa taa ile gizani, linawaka kijani.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa Hombolo, pikipiki yake imejaa vumbi jekundu hadi kwenye taa. Aliingiza rangi, akajaza gesi, akawasha mtambo. Geofrey, mtu wa makamo mwenye sauti ya pole, alisimama karibu akiangalia.

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri izunguke. Labda mpaka jioni. Labda mpaka kesho."

"Mzee Noeli aliomba kikundi kinunue kitu kama hicho," Geofrey alisema. "Mwezi wa tatu. Kikao kikasema anatafuta pa kula."

Yudith hakuwahi kulisikia hilo. Alijifanya anapanga spana.

Kusubiri hakukuwa tabia yake hata siku za amani, na siku ile ilimshinda kabisa. Saa nne aliingia chumbani na taa, akamulika maungio yote, asione kitu. Saa tano akaingia tena. Alizunguka jengo, akashika bomba la nje kuona kama lina baridi, akarudi, akaketi kwenye kreti, akainuka. Alitembea kati ya mistari ya mizabibu mpaka alipoliona bwawa linang'aa kule chini, kisha akageuka nusu anakimbia, kana kwamba kuna mtu kamwita. Geofrey alimletea chai. Ikapoa.

"Fundi, keti," alimwambia. "Hata mgonjwa hapimwi homa kila dakika."

Aliketi. Mguu wake ukawa unacheza chini peke yake.

Alikuwa akiomba jambo ambalo hakuthubutu kulisema wazi. Aliomba tundu lionekane kwenye ungio moja lililochomelewa vibaya, kwa mkono wa Noeli. Hapo neno lake lingekuwa na pa kuegemea. Mzee angekuwa hakuiba, ila angekuwa amekosea, na kukosea nako ni kosa.

Saa tisa alasiri aliingia mara ya sita. Alimwambia Geofrey azime taa na kufunga mlango. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza likawa zito, baridi ikawapanda kwenye vifundo vya miguu, na feni zilipozimwa wakasikia matone yakidondoka. Yudith alivaa miwani na kumulika sinia la chini ya koili, lile linalokinga maji barafu inapoyeyuka.

Maji yalikuwa ya kijani.

"Mama yangu," Geofrey alinong'ona.

Yudith alipanda juu ya kreti, akafungua skrubu za kifuniko kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kifuniko kiliposhuka, aliinua taa kwenye koili yenyewe, safu za mabomba membamba ya shaba yaliyopita kati ya mabati laini. Halikuwa tundu moja. Yalikuwa kwa makumi, nukta ndogondogo za kijani kwenye kila mpindo wa shaba, nyingi zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia, kama tetekuwanga kwenye mgongo wa mtoto. Povu la sabuni lisingeonyesha kitu hapa. Lilikuwa likipakwa kwenye maungio ya nje, na huku ndani, hata kama lingepakwa, vitundu vilikuwa vidogo mno.

Hakuna mkono wa mtu unaoweza kutoboa shaba namna ile. Yudith aligusa bomba moja kwa kucha, akaona ungaunga wa bluu. Shaba ilikuwa imeliwa. Ndipo aliposikia harufu ambayo pua yake ilikuwa imeizoea tangu asubuhi.

"Washa taa," alisema. Akateremka, akaenda upande wa kushoto wa chumba. Nyuma ya kreti za zabibu palikuwa na mapipa manne ya plastiki yaliyofunikwa kwa viroba. Alifunua moja. Ukali wa siki ukampiga machoni.

"Hii ni nini?"

"Mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo," Geofrey alisema. "Lori la kiwanda halikuja msimu uliopita, mchuzi ukabaki. Mama mwenyekiti akasema tuuweke humu usiharibike."

"Umeharibika siku nyingi. Umekuwa siki. Mvuke wake unapanda, feni inauvuta, unaila shaba. Tangu lini yapo?"

Geofrey alihesabu kwa vidole. "Kabla ya gesi kuisha mara ya kwanza."

Mama Domitila alifika jioni ile, kitenge kimefungwa juu ya koti la baridi. Alivaa miwani, akatazama koili kwa muda mrefu, akatazama na mapipa. Hakuwa mjinga. Aliivua miwani taratibu.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni siki, mama."

"Siki niliyoiweka mimi." Alitoka nje, Yudith akamfuata. Upepo ulikuwa unapeperusha majani makavu ya mizabibu. "Sikiliza, mwanangu. Jumamosi tuna kikao. Tutawaambia koili imezeeka, inunuliwe nyingine. Mapipa Geofrey atayatoa leo. Si uongo, au sivyo? Imezeeka."

"Na Mzee Noeli?"

"Mzee Noeli hatajwi tena na mtu. Ukilifukua hilo utatia ugomvi kikundini." Alimtazama Yudith usoni. "Na mimi siku ile sikujiamulia peke yangu. Nilikuja kuuliza."

Yudith alivaa kofia yake ya pikipiki. "Sawa, mama," alisema, akapanda pikipiki.

Njia nzima aliendesha kama anayefukuzwa. Alipofika Ihumwa alisimama kando ya barabara, akavua kofia, akaivaa tena. Hakugeuka kwenda nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja Kikuyu.

"Mbukwenyi," alibisha mlangoni kwa Noeli, kwa salamu ya Kigogo iliyokuwa ikitumika nyumba ile siku zote. Restuta, mkewe Noeli, alimtazama, akamjibu kwa Kiswahili. "Karibu. Yuko uani."

Noeli alikuwa ameketi kwenye kigoda, amefungua injini ya feni ya mezani juu ya gazeti. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe kuliko Yudith alivyozikumbuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Yudith alieleza akiwa amesimama, maneno yakikimbizana. Alieleza koili, nukta, mapipa, siki. Alieleza na swali la Mama Domitila, na jibu lake. Noeli aliendelea kusafisha injini kwa kitambaa.

"Nilisikia harufu ile," alisema hatimaye. "Nikadhani ni zabibu zinaoza. Nilikosa, nilipaswa kufunua mapipa." Akaweka kitambaa chini. "Wanachama umewaambia?"

"Bado. Kikao ni Jumamosi."

"Basi umekuja kuniambia kwamba mimi si mwizi. Hilo nilikuwa ninalijua."

Restuta alipita na ndoo, hakumkaribisha chakula.

Siku tatu zilizobaki kabla ya kikao akili yake haikutulia. Alijaza gesi kwenye friji ya mteja mara mbili, akasahau funguo kwenye pikipiki sokoni. Jumamosi alifika Hombolo kabla ya wanachama wenyewe. Walikuja kama thelathini, wakaketi kwenye mabenchi mbele ya stoo. Mama Domitila alifungua kikao kwa sala, akasema koili imezeeka, fundi yupo, ataeleza.

Yudith alisimama.

"Koili haijazeeka," alisema. "Imeliwa na siki ya mapipa yaliyokuwa humo ndani. Yeyote anayetaka kuona nitamwonyesha. Mzee Noeli hakuiachia gesi hata mara moja. Mwenyekiti aliponiuliza kama fundi anaweza kufanya hivyo, nilisema inawezekana. Nilijua Mzee Noeli si mtu wa namna hiyo, na hilo sikulisema. Nilitaka kazi."

Mabenchi yalilia. Mtu mmoja akauliza kwa sauti nani aliweka mapipa. Mama Domitila hakungoja kutajwa. Alisimama, akajifunga kitenge upya, akasema, "Ni mimi. Nilidhani ninawaokolea mchuzi wenu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na aliyekwenda kumwambia Noeli asirudi ni mimi pia. Nitamfuata nyumbani kwake."

"Huna haja ya kupanda gari," sauti ilisema kutoka nyuma.

Noeli alikuwa amesimama kwenye kona ya jengo, ameshika baiskeli. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Mama Domitila alimwendea mbele ya watu wote, wakazungumza kwa Kigogo, maneno machache, naye akampa mkono. Noeli aliupokea. Kisha akamgeukia Yudith.

"Taa iko wapi?"

Waliingia wawili, Geofrey akafunga mlango. Noeli alivaa miwani, akapanda kreti kwa shida. Alimulika koili, bomba baada ya bomba, na mara moja akaachia mluzi mdogo. Kisha akashuka, akatoka nje hadi kwenye mtambo, akajifunika koti lake kichwani pamoja na mtambo ili apate giza, akamulika valvu ambayo Yudith aliingizia rangi.

"Hapa napo panawaka."

Yudith aliinama chini ya koti. Doa la kijani lilikuwa limezunguka mdomo wa valvu.

"Ulimwaga ulipokuwa unatia, au panavuja?"

"Sijui," Yudith alisema.

"Kwa hiyo utafanyaje?"

"Nafuta. Naacha mtambo ufanye kazi. Kesho namulika tena."

"Futa vizuri. Doa la zamani likibaki, litakudanganya." Alimrudishia taa, akavaa koti, akachukua baiskeli yake. Yudith alimwambia atampeleka mjini kwa pikipiki, baiskeli itafungwa nyuma. Noeli alikataa kwa mkono, akaanza safari.

Mwenye bucha wa Kikuyu alimpigia simu Noeli wiki iliyofuata. Nyumba ya wageni haikupiga. Kikundi kiliuza zabibu zote mapema, kabla ya koili mpya kufika, na siku ya kuifunga mafundi waliitwa wawili.

Lakini Jumamosi ile Yudith alibaki peke yake mbele ya mtambo, na kitambaa na kopo la dawa ya kusafishia. Alifuta valvu, akamulika, akafuta tena. Kesho ilikuwa mbali.