Vidole Viwili Kwenye Kola

Siku nilipompima mchumba wangu shati ndiyo siku niliyozungumza kuliko siku zote za maisha yangu. Mimi si msemaji. Shule niliiachia darasa la tano nikakaa kwenye cherehani, na cherehani haina maswali.

Nilizungusha futi shingoni mwake, nikapenyeza vidole viwili ndani yake, kama tufanyavyo mafundi ili kola isije ikakaba.

"Bibi wee, unaninyonga kabla ya ndoa!" akacheka. Yeye ni kinyozi, maneno hayamwishi.

"Hapa ndipo kaka alipopigwa," nikasema.

Kaka yangu ni bondia. Wenzake humwita Nguzo, kwa kuwa haanguki. Lakini wiki chache nyuma, nilipompelekea bukta mazoezini, Mwalimu wake alimzungushia ngumi ikampata ubavuni mwa shingo, chini ya sikio. Kaka akaporomoka kama gunia. Tulikuwa watatu tu ukumbini.

"Hapo pana mshipa unaopeleka damu kichwani," Mwalimu alitueleza. "Ukigongwa ghafla, mwili unadhani damu imezidi nguvu. Moyo unapunguza mwendo, miguu inazimika. Hata fahali angeanguka. Ila wewe, ukiguswa mbavu, unashusha bega na shingo inabaki wazi. Tutarekebisha. Na neno hili lisitoke humu."

Mimi nikalitoa. Nilimweleza mchumba wangu yote, la bega na la mbavu, vidole vyangu vikiwa bado shingoni mwake. Nilijua kwamba jioni hubeba ndoo ya maji ya klabu ya ndondi ya ng'ambo ya reli. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo.

Jumamosi alasiri kaka alipanda ulingoni na bondia wa klabu hiyo. Mshindi angekwenda mashindano ya taifa. Mchumba wangu alisimama kona ya pili, amevaa shati nililomshonea. Raundi mbili kaka aliongoza. Ya tatu, nilimwona mchumba wangu akimkodolea macho bondia wao, kisha akaingiza vidole viwili kwenye kola, akaivuta.

Ngumi ya kwanza ilikwenda mbavuni. Bega la kaka likashuka. Ya pili ikatua chini ya sikio.

Haikumpata kisogoni, mahali panapokatazwa kupigwa, kwa hiyo refa hakuwa na la kukataza. Alihesabu hadi kumi. Kaka alikuwa macho kabisa, anasukuma sakafu kwa mikono, miguu inamkatalia.

Katika chumba cha kubadilishia nguo alimgeukia Mwalimu.

"Tulijua watatu. Huyu dada yangu hata salamu anatoa kwa kunong'ona. Sasa nani kasema?"

"Mwanangu, mimi..."

"Usiniite mwanangu! Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwalimu alikuwa amemfunza miaka tisa. Alikunja taulo, akaliweka juu ya benchi, akaelekea mlangoni.

Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Kunyamaza ndiko ninakokuweza.

"Kaka, ni mimi."

"Unasemaje?"

"Ni mimi!" Sauti ilinitoka kubwa hadi nikaiogopa. "Nilimwambia shemeji yako."

Mwalimu alisimama, mkono kwenye kitasa. Kaka hakunitukana. Alinipa mgongo, akaanza kufungua bandeji za mikononi kwa meno, kazi ambayo siku zote ilikuwa yangu. Mwalimu akarudi, akamshika mkono akamsaidia. Kaka akamwacha amfungue.

Jumatatu mchumba wangu alikuja dukani anapiga mluzi.

"Mama watoto, shati langu la pili tayari?" Akanitazama. "Mbona umenuna? Si mchezo tu ule?"

Nikampa. Akalikunjua, akaligeuza huku na huku.

"Halina kola."

"Nimeibandua."

"Sasa nitalivaaje?"

Nikakanyaga cherehani, nikaendelea na kazi ya mteja mwingine. Alisema mengi. Safari hii mimi sikusema neno.