Mwamuzi Alipokuwa Baba Mkwe

Ambindwile alipokuwa mdakaji wa timu yetu ya besiboli hapa Masoko, hakuna mpira uliompita. Mimi nilimwona akidaka njiwa aliyekatiza mbele ya mpira, akamwachia aende zake, halafu akaudaka na mpira wenyewe. Anayebisha amuulize njiwa.

Magoti ndiyo yaliyomstaafisha. Kuchuchumaa nyuma ya mpigaji miaka tisa, yataacha kulia? Mwaka huu kamati tukampa ukocha, kwa sharti moja: akishindwa na timu ya Nkunga mechi ya kwanza, timu anapewa mwalimu Julius, mgeni wa Singida mwenye cheti cha michezo.

Mwamuzi tulimpanga mzee Hosea. Tukasahau kwamba mrushaji wetu, Tupokigwe, ameolewa na mwanawe juzi tu, harusi ambayo sisi wenyewe tulimaliza ng'ombe. Na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Sasa mwamuzi husimama nyuma ya mdakaji, pale pale mrushaji anapolenga.

Tupokigwe akarusha ameinamisha kichwa. Mpira wa kwanza ukaingia migombani. Wa pili ukamfukuza mbuzi. Wa tatu, nasikia, ulionekana kijiji kingine, Masukulu.

"Ingia udake mwenyewe," nikamwambia Ambindwile. "Tumekwisha."

"Mzee, mimi ni kocha."

"Unaogopa magoti."

"Naogopa kuzoea kuingia kila mkikwama." Akatoa glovu aliyokuwa ameibana kwapani. "Nishikie. Nikiiomba, ninyime."

Akamwendea mzee Hosea, akainama. "Baba, naomba usimame nyuma ya mrushaji. Hata huko mtu anaamua vizuri tu."

"Nyuma ya mkamwana wangu?"

"Mbali kidogo, baba. Hatageuka."

Mzee akawaza, akahama. Kocha wa Nkunga alicheka sana, akakubali.

Tupokigwe akainua uso na mipira ikanyooka. Ila kwa vile hageuki, wakimbiaji wa Nkunga wakawa wanachomoka besi ya kwanza kwenda ya pili, kituo kilicho mgongoni kwake, watakavyo. Ambindwile akamwita pamoja na Godwin, mdakaji wetu mpya.

"Godwin, akichomoka mtu, tupa mpira besi ya pili. Tupokigwe, ukimwona Godwin anasimama, wewe chuchumaa."

Tukafika mwisho tukiongoza kwa pointi moja, amebaki mtu mmoja wa Nkunga wa kutolewa. Mkimbiaji wao akachomoka. Mkono wa Ambindwile ukaja kwenye glovu, nikaikalia. Godwin akasimama, akatupa. Tupokigwe akachuchumaa, mpira ukampita juu ya kilemba, mlinzi wa besi ya pili akaudaka na kumgusa mkimbiaji. Mzee Hosea alikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

"Ametoka," akasema.

Watazamaji wote wakaingia uwanjani kucheza ngoma. Tupokigwe akabaki amechuchumaa, macho mbele, hajui limetokea nini huko nyuma.

"Kocha, tumeshinda?"

"Tumeshinda. Njoo huku kwangu, moja kwa moja."

Akaja moja kwa moja.