Matone ya Ziada

Ti, ti, ti. Kulikuwa bado giza, na sebuleni ukucha ulikuwa ukigonga kichupa cha kioo. Bibi alifumbua macho, akapapasa upande wa pili wa kitanda, akaukuta mtupu na baridi. Mzee alikuwa ameshaamka kupima maji yake.

Ndivyo alivyokuwa tangu astaafu. Wenzake walijinunulia viti vya kupumzikia barazani. Yeye alinunua tangi la kioo refu kama kitanda, akalijaza maji ya chumvi, akapanda humo matumbawe hai. Mengine yalikuwa kama vidole, mengine kama uyoga, mengine kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Samaki walikuwa watano tu. "Samaki ni wapangaji," alipenda kusema. "Wenye nyumba ni matumbawe."

Kwa miaka thelathini na moja mzee alikuwa fundi wa kuchanganya rangi za magari. Gari likigongwa lilipelekwa kwake; alilitazama kidogo, akachanganya makopo yake, na mwenye gari asijue tena palipobonyea ni wapi. Gereji nzima walimwita Jicho. Hata Bibi, akitaka kumchokoza, alimwita hivyohivyo.

Katika tangi lile, kilichomshughulisha kuliko vyote kilikuwa madini ya magnesiamu. Alimweleza Bibi mara nyingi mpaka naye akaishika kama mapishi. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa chokaa iliyomo majini, lakini magnesiamu ikipungua, chokaa ile haitulii. Hukimbilia kuganda kwenye pampu na kwenye kipasha maji, na matumbawe hubaki na njaa. Kipimo kizuri ni kama elfu moja mia tatu na hamsini. Unachukua maji kidogo, unatia unga wake, yanakuwa ya zambarau. Kisha unadondosha dawa kwa bomba la sindano, tone baada ya tone, mpaka yageuke buluu. Matone yakiwa mengi, magnesiamu ni nyingi. Yakiwa machache, unaongeza.

Kwa karibu mwaka mzima matone yalikuwa mengi. "Imepanda," mzee alisema kila alipopima, na akaacha kabisa kuongeza. Hata hivyo yale ya vidole yakaanza kupauka kutoka chini, nyama ikibanduka na kubaki mfupa mweupe. Mzee akatafuta mchawi, akampata humohumo ndani.

Alikuwa mkwe wao, mke wa mtoto wao wa pekee, ambaye kazi ilimweka mbali na kumrudisha nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mkwe aliishi nao pamoja na binti yake wa miaka mitano, waliyemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake.

"Babu, samaki wanakojoa wapi?"

"Mlemle."

"Na wanakunywa mlemle?"

"Kunywa chai yako, wewe."

Nyumba ilikuwa na kelele nzuri siku hizo.

Siku moja mzee alinusa harufu ya dawa ya kusafishia vioo karibu na tangi. Dawa ile alikuwa ameipiga marufuku sebuleni. Akamwita mkwe, Bibi akiwa palepale anakunja nguo.

"Umeniulia matumbawe yangu."

"Sijapuliza kitu, baba."

"Basi imejipuliza yenyewe? Ina vidole?"

"Baba, naapa."

"Usiniapie ndani ya nyumba yangu!"

Mkwe alimtazama Bibi. Bibi akachukua shati jingine, akalikunja.

Maana aliyepuliza ni Bibi mwenyewe. Asubuhi ile alikuwa amefuta kioo cha kabati, mara mbili tu, fss, fss, akidhani harufu itaisha kabla mzee hajarudi. Sasa alitaka kusema, akasita. Alimjua mumewe akikasirika: hununa mwezi mzima, hula bila neno, hulala akiupa ukuta uso. Akajiambia atasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Mzee aliendelea kurusha vijembe kila mlo, na wiki ilipokwisha mkwe alifunga mizigo yake, akaenda kupanga chumba karibu na kiwanda cha nguo alikokuwa akifanya kazi. Chiriku alitoka akiwapungia samaki mkono.

Miezi minne ikapita. Dawa ya vioo ilikwishatupwa zamani, na matumbawe yakaendelea kufa.

"Mama!" mzee aliita kutoka sebuleni alfajiri hiyo. "Njoo unishikie tochi. Mkono wangu leo una wazimu."

Bibi alijifunga shuka, akaenda, akamulika. Maji kwenye kichupa yalikuwa ya zambarau iliyokolea. Mzee alidondosha, akatikisa, akadondosha, akatikisa.

"Hapo," Bibi alisema. "Yamegeuka."

"Bado."

"Baba, hiyo ni buluu."

"Buluu ya wapi? Wewe rangi unazijua za vitambaa tu. Hii zambarau kabisa."

Akadondosha jingine, na jingine. Bibi alihesabu kimoyomoyo mpaka matone kumi na moja ya ziada, maji yakiwa buluu kama wino muda wote, ndipo mzee akasema kwa furaha, "Haya, sasa! Elfu moja mia nne. Imejaa tele."

Kilichomjia Bibi kwanza kilikuwa ahueni: kumbe si dawa yangu. Ndipo akamkumbuka mkwe akibeba mizigo yake mlangoni, na ile ahueni ikamwia chungu mdomoni.

"Jicho," alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Huoni."

Mzee hakumsemesha mpaka mchana. Kisha alijaza maji ya tangi kwenye chupa, akatangulia kwenda dukani kwa muuza samaki wa mapambo, akitembea mbele kama mtu anayekwenda kuthibitisha kwamba mkewe ni mwongo.

Dukani kulikuwa na wateja wawili. Mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alisikiliza shida yao, akasema, "Ngojeni kidogo," akangoja wale wawili walipe na kutoka, ndipo akapima. Bibi aliliona hilo, akamshukuru moyoni.

"Elfu moja na sabini, mzee wangu."

"Dawa yako mbovu."

Mwenye duka hakubisha. Alifungua boksi jipya, akapima upya. Ikaja ileile. Halafu akaweka vichupa viwili juu ya karatasi nyeupe, kimoja cha zambarau, kimoja cha buluu, akauliza kwa upole, "Cha zambarau ni kipi?"

Mzee aliviinua dirishani. Aliviweka. Aliviinua tena.

"Vyote," alisema kwa sauti ndogo.

Mwenye duka alimsogezea kiti. "Mama yangu ilimtokea hivyohivyo. Ni mtoto wa jicho huyo. Wanamwondoa hospitali, unarudi kama zamani." Akawafungia magnesiamu, na juu ya mfuko akaandika kwa herufi kubwa kwamba wasipandishe zaidi ya mia moja kwa siku, matumbawe yasije yakashtuka.

Hospitali nao walisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, wakampangia siku ya upasuaji. Walipofika nyumbani mzee alimwomba Bibi ambonyezee namba ya mkwe kwenye simu. Akazungumza mwenyewe.

Mkwe alikuja Jumapili na Chiriku. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akabandika pua. "Babu, mbona yamekuwa kama meno?"

Mzee alisimama mbele ya mkwe, mikono imening'inia. "Nimekukosea, mwanangu. Macho mabovu ni yangu, mzigo nikakutwika wewe. Nisamehe."

"Yameisha, baba." Mkwe alifuta machozi kwa kiganja. "Nilikuwa naona unavaa soksi mbili rangi tofauti. Nikawa nakupangia kila ninapofua. Nilishindwa tu kukuambia. Fundi rangi mzima, ningeanzaje?"

Mzee alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, ikabidi akae.

Bibi alitoroka kwenda jikoni kuchemsha chai. Mkwe alimfuata, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa kwenye beseni, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mwanangu," Bibi alisema. "Siku ile ya dawa..."

"Najua, mama. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilikuona ukipuliza."

Bibi alishika ukingo wa meza. "Na hukusema?"

"Niseme mimi, nimchongee mama mkwe wangu?" Mkwe alisuuza kikombe, akakiinamisha. "Nilikungoja. Wiki nzima. Kila mlo nilisema leo atafungua mdomo."

"Niliogopa kununiwa."

"Mimi nilifukuzwa, mama. Wewe ungenuniwa tu."

Bibi akasema, "Na kumbe hata dawa haikuua kitu."

"Ulikuwa hujui hivyo." Mkwe alijikausha mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Baba nimemsamehe, macho yake yalikuwa yanaumwa. Wewe bado. Nisikudanganye."

Walikunywa chai. Mzee alimweleza Chiriku kwamba matumbawe matatu bado yana uhai, naye Chiriku akayapa yote matatu majina ya walimu wake. Walipoaga, mzee aliuliza kama chumba chao bado wamekilipia, na mkwe akajibu kwamba wamekizoea sasa, tena shule ya mtoto iko jirani. Mzee alitikisa kichwa, akaingia ndani kabla hawajafika getini.

Bibi aliwasindikiza mpaka barabarani akiwa ameshika sweta ya Chiriku. Alimvalisha mtoto, akamfunga vifungo vyote, hata kile cha juu ambacho hakikuwa na haja ya kufungwa. Basi lilikuwa linakuja.

"Hutaki kuniona, ninaelewa," alimwambia mkwe. "Ukija, mimi nitakwenda sokoni. Nitakaa hukohuko mpaka muondoke. Ila uje, mwanangu. Jumapili ijayo, au ile nyingine. Njoo tena."