Pedali ya Kushoto

1.

waya za breki, mbili: tayari
raba za breki: tayari
mnyororo mpya: tayari (vidole vyeusi hadi leo)
tairi nyembamba, mbili: za mtumba, nzima
pedali ya kulia: ya zamani imetoka, mpya imeingia
kiti: kishushwe
pedali ya kushoto:

2.

TANGAZO LA KIKAO CHA FAMILIA

Wanafamilia wa marehemu Lushinge mnaarifiwa kufika nyumbani kwa baba mkubwa, Jumapili saa nne kamili asubuhi, kugawa vitu vyake. Kuhusu baiskeli ya mashindano: mjane ataichukua iwapo atafika nayo akiwa ameipanda. Akifika akiikokota, itakwenda kwa mdogo wa marehemu.

Uamuzi huu hauna rufaa.
Katibu.

3.

Wewe unayesoma, mjane ni mimi. Naitwa Milembe.

Baiskeli ilifika nyumbani kabla ya mwili wa mume wangu Lushinge. Walioileta kutoka barabara ya lami waliiegemeza ukutani, ndipo wakaanza kutafuta maneno. Usukani mzima, ule uliojikunja kama pembe za kondoo. Magurudumu mazima. Pedali ya kushoto tu ndiyo ilikuwa imepinda, na alama ya soli ya kiatu chake juu yake.

Darasa la jioni liko kilomita kumi na moja. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Kwa miguu, mwanangu Nyanzobe mgongoni, nafika mwalimu akifuta ubao. Kwa baiskeli nafika mapema, nakaa mbele.

4.

Saa kumi na mbili jioni. Saa aliyokuwa akirudi Lushinge kutoka mazoezini.

Nimeipindua uani, kiti chini, magurudumu juu. Hakuna upepo. Gurudumu la nyuma linazunguka lenyewe.

Tik.

Tik.

     Tik.

Nyanzobe ana miezi minane. Anageuka kutazama mlangoni, anacheka, ananyoosha mikono.

5.

Bombani, ndoo zikijaa:

— Siku ya tatu leo anapambana na pedali moja.
— Marehemu kaikanyagia. Hataki itoke.
— Au shule ya jioni hawafundishi spana.

Wakacheka. Kisha wakaniona.

6.

Mimi ni mama yake Lushinge. Sijui kalamu, haya namtamkia mkwe wangu anaandika. Aandike yote, asiruke.

Nilijua.

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli, nami nilimshikia spana miaka ishirini. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume cha nati nyingine zote. Siku tatu nimekaa kwenye mkeka namtazama huyu mtoto anaikaza, jasho linamtoka, akidhani anaifungua. Nikanyamaza. Ndicho kitu cha mwisho mwanangu kukikanyaga. Ikitoka ile, naye ameondoka kabisa.

7.

Jumamosi niliweka spana chini. Nikamwambia mama mkwe kwamba kesho nitaikokota, shemeji aichukue.

"Mayu, mama yangu, amekataa," nikasema.

Akatazama gurudumu. Akainuka, akapiga magoti kando yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Hajakataa yeye. Unakaza mwenyewe. Geuza huku."

Ikalia mara moja. Ikatoka.

Akaipokea, akaifunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili. Usiku ule ule alinitamkia hayo ya namba sita.

8.

Pedali ya kushoto: tayari.

Kiti: Lushinge alizungusha utepe mweupe kwenye bomba la kiti, alama ya urefu wake. Nimekishusha vidole vinne. Utepe umezama ndani ya fremu. Sikuubandua.

9.

Jumapili. Mama mkwe ametangulia kwa miguu, Nyanzobe mgongoni, fundo kiunoni.

Ninapanda. Naanguka. Ninapanda.

Inakwenda.

Breki zinashika. Mnyororo hausemi. Kwenye mteremko naacha kukanyaga, na gurudumu la nyuma linaanza kulia, tik tik tik, kama linavyolia la kila mtu. Nafunga breki. Nasimama, mguu mmoja chini.

Langu limenyamaza.

Nyuma yangu

tik

tik

Sigeuki. Nakanyaga tena, pole pole, na nasogea kushoto kabisa, ukingoni mwa lami, kama Lushinge alivyonifundisha, kumpisha.

Kikao ni saa nne. Sasa ni saa tatu na nusu, na nitafika nimeipanda.