Mifupa ya Fundi Umeme

Pale kwenye ujenzi walimbandika jina la Umeme, naye akalivaa kama koti jipya. Mwashi huyu wa miaka hamsini na mbili alimaliza safu mbili za tofali wenzake wakiwa kwenye moja! Alikula kama watu wawili, ilhali suruali ilimteremka kiunoni. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Mkewe alipomsihi akapimwe, alimjibu kwamba wagonjwa hulala, hawakimbii.

Siku moja aliinua ndoo ya maji, maji matupu, na kifundo cha mkono kikalia kama kijiti kikavu.

Hospitali wakamfunga plasta. Jirani akasema mifupa imekosa kalsiamu, mke akanunua vidonge. Ukuta dhaifu huongezewa saruji, nani asiyejua? Alipoambiwa kimoja, fundi alimeza vitatu. Wiki mbili baadaye kiu haimwishi, na njia ya chooni haioti nyasi.

Aliporudi kliniki pamoja na mkewe, daktari, binti wa rika la kitinda mimba wake, alitazama vidole vinavyotetemeka, akamgusa shingo, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalionyesha kwamba tezi ya shingoni, thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi, na kalsiamu imezidi kwenye damu.

"Imezidi?" fundi aliuliza. "Sasa mfupa umevunjikaje, mwanangu?"

"Mzee wangu, kila siku kuna chembe zinazobomoa mfupa na nyingine zinazoujenga upya. Tezi yako imezikimbiza zote, ila wabomoaji wamewaacha wajenzi mbali. Kalsiamu inatoka mfupani, inajaa kwenye damu, nyingine unaikojoa."

Fundi alisimama, plasta ikipunga hewani. "Mama watoto, umesikia? Kumbe namwaga saruji kwenye nyumba inayobomolewa!"

"Nimesikia. Kaa chini usibomoke."

Daktari alisimamisha vile vidonge, akaandika dawa ya kuituliza tezi. Kisha akasema lililomchoma: ile kasi ilikuwa ya ugonjwa, na dawa ingeiondoa. Furaha ikamkauka fundi usoni. Kasi ndiyo iliyompa jina. Aliutazama mkono wake, akauliza kama ungeshika mwiko tena. Kwa dawa, ungeshika. Bila dawa, daktari hakuahidi kitu.

"Basi chukua kasi," alisema fundi, "niachie mkono."

Miezi sita hakuruka dawa hata siku moja. Suruali zikakaa kiunoni, kalsiamu ya damu ikarudi mahali pake, mfupa ukaunga. Siku aliyorejea kazini alimaliza safu moja wenzake wakiwa wamemaliza moja na nusu, nao wakamcheka kwamba umeme umekatika. Hakukasirika. Aliwaomba waweke miiko chini, akachora mfupa kwa chaki juu ya tofali, akawaeleza wabomoaji na wajenzi kwa shauku hadi chai ikapoa. Alipofika kwenye dalili, fundi bomba, aliyekuwa akicheka kuliko wote, alijishika shingo polepole.

"Hebu rudia hapo kwenye kutetemeka," alisema.