Kaseti ya Kwenda na Kurudi

Watu wa Mkuyuni, pale Mwanza, walikuwa wanajua sanaa ni nini. Sanaa ni twiga. Unamchora twiga, unamwekea jua jekundu mgongoni, unampelekea mzungu pale hotelini, mambo yamekwisha. Sasa huyu Mhoja, binti wa Mzee Chenge wa Magu, miaka mitatu amekaa chuo cha sanaa, anakuja kumaliza masomo kwa kigoda! Tena kigoda chenyewe hakukichonga, alikinunua gulioni Kisesa. Alichofanya ni kukitoboa chini, kukifunga swichi ya kengele ya mlangoni, na kuvuta waya mpaka kwenye redio kaseti iliyofichwa nyuma ya pazia. Ukikaa, redio inasema. Ukiinuka, inanyamaza. Akija mwingine akikaa, inaendelea pale pale ulipoiachia wewe.

"Na hiyo ndiyo stashahada?" aliuliza fundi Iqbal, aliyemfungia ile swichi. Iqbal alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio tangu enzi za redio za mbao, na hakuna aina ya waya asiyoijua.

"Ndiyo hiyo, fundi."

"Haya bwana, dunia imekwenda mbali. Na redio itasema nini?"

Mhoja akaibonyeza swichi, akaiachia. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka tisini na saba, na maonyesho ya wahitimu yalikuwa yamebakiza siku kumi. Mwalimu wake, Wilhelmina, mama mmoja wa Bukoba asiyejua kupamba maneno, alikuwa amemwambia wazi: "Kigoda nimekielewa, na nimekipenda. Lakini anayekaa asikie kitu cha kweli. Ukiniwekea muziki wa dukani, sikupitishi." Naye Mhoja alijua tangu mwanzo anataka nini kwenye kigoda kile. Alitaka sauti ya mama yake, Paskazia, aliyefariki mwezi wa tatu. Na sauti hiyo, kama ilikuwapo popote duniani, ilikuwa kwenye kaseti moja tu.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi hamtanielewa. Paskazia hakujua kusoma wala kuandika, na barua ya kuandikiwa na mtu aliichukia, alisema ni kama kuazima mdomo. Basi Mhoja alipokwenda chuoni, wakawa wanatumiana kaseti. Mama anawasha redio, anaongea, anampa Maige, kondakta wa basi la Magu, na Maige anaifikisha Mwanza. Mhoja anasikiliza, kisha anairudisha mwanzo, anabonyeza kitufe chekundu, anajibu juu yake. Kaseti ni ile ile moja, inakwenda na kurudi, na kila jibu linafuta kilichotangulia. Nani angenunua kaseti mpya kwa ajili ya salamu? Nyumba nyingi zilifanya hivyo, na hakuna aliyeona kuna ubaya wowote, mpaka mtu afe.

Na salamu za Paskazia, nyie acheni! Msukuma wa kweli hakurupuki na neno. Kwanza anakusalimu wewe, kisha anakupa salamu za baba, za ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zake, za shangazi, za majirani wa juu na wa chini, habari za mvua, za pamba, nani kaoa, nani kavunjika mguu. Nusu saa nzima. Tena kwa Kiswahili cha kujibana, kwa kuwa aliona kaseti ni kitu cha ofisini, hakifai kusemewa Kisukuma. Neno lenyewe lililomfanya awashe redio linakuja mwisho kabisa. Mhoja alilijua hilo. Alilelewa nalo.

Jumamosi akapanda basi la Maige kwenda Magu.

Mzee Chenge alimpokea vizuri. Zamani alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, mtu wa kofia na kalamu mfukoni. Tangu pamba iachiwe wanunuzi binafsi wenye malori yao, ofisi ilifungwa, naye akabaki na kofia. Walikula, wakaongea habari za kaburi, kwamba saruji bado. Kisha Mhoja akasema haja yake.

"Baba, naomba ile kaseti."

"Kaseti gani?"

"Ya mimi na mama."

Mzee Chenge akainuka, akaanza kufunga mlango wa banda la kuku uliokuwa umefungwa tayari. "Ile ilikatika," alisema. "Niliitupa."

Mzee wa watu, uongo hakuuweza hata kidogo. Mhoja alimwona shingo inavyomtoka jasho. Akamweleza habari za kigoda, polepole, kama unavyomweleza mtu asiyependa kusikia. Kwamba anajua mwanzoni mwa kaseti imebaki sauti yake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyejibu mwisho. Lakini jibu lilikuwa fupi. Huenda chini yake, pale jibu lilipoishia, mama amebaki kidogo.

"Hata salamu za ng'ombe tu, baba. Hata akikohoa."

"Tengeneza kitu kingine. Wewe si fundi? Chora."

"Sitaki kuchora."

"Mhoja, nimesema hapana."

Hapo akachemka. Hakuwahi kumpandishia baba yake sauti, lakini siku hiyo alimpandishia. "Nilifika hapa mmeshamzika! Sikumwona hata uso! Sasa na sauti unaninyima, baba? Nimekukosea nini?" Akalia pale pale uani, kwa sauti, mpaka jirani akachungulia.

Mzee Chenge aliivuta kofia yake chini machoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Kaseti ilikuwa humo, imefungwa kwa kipande cha khanga.

"Hutaondoka nayo hujaisikia," alisema. "Tutaisikiliza hapa, wewe na mimi. Ukimaliza, utaamua mwenyewe."

Betri zilikuwa zimekwisha nguvu. Wakazitoa wakazianika juu ya bati, zipate joto la jua, na wakakaa kuzisubiri. Saa nzima wakawa wanazigeuzageuza. Mhoja alikuwa na furaha iliyomtia aibu, kwa sababu sasa alikuwa na hakika. Kama baba ameificha, basi mama yumo.

Redio ikawashwa. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mhoja mwenyewe.

"Mama shikamoo! Kaseti nimeipata, nimefurahi sana. Mimi mzima. Huku kazi ni nyingi mno, tumeingia muhula wa mwisho, hata kulala hatulali. Nitakuja Pasaka. Msalimie baba. Haya mama, kwaheri!"

Basi, ni hayo tu. Dakika haikufika. Mhoja aliinamisha uso. Alikumbuka ile siku ya mwezi wa pili, wenzake wanamwita mlangoni, naye ameshasikiliza salamu mpaka zilipofika kwa shangazi, akaona yanayofuata anayajua. Alibonyeza kitufe chekundu bila kusikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kumwambia mtu.

Redio ikagonga, tak, ikakoroma kidogo. Na Paskazia akasema:

"... na yule mweupe naye kazaa, ndama jike, lakini mamaye hataki anyonye, tunamshika wawili wawili."

Mhoja akaruka. Akamshika baba yake mkono, anacheka, anafuta machozi, anacheka tena. Mama alikuwa mzima ndani ya redio, anapiga chafya, anamfukuza kuku, anamsengenya jirani kisha anasema Mungu anisamehe. Dakika zikaenda. Salamu za shangazi zikaja, zikapita, na kuanzia hapo kila neno lilikuwa jipya masikioni mwake. Alitaka baba naye acheke. Lakini Mzee Chenge alikuwa anatazama chini.

"Basi, salamu zimekwisha," alisema Paskazia.

Mlango ukasikika unafungwa.

"Sasa mayu, binti yangu, nikueleze neno lenyewe. Hapa tumboni, upande wa kushoto, kuna kitu. Kilianza tulipokuwa tunapanda pamba. Nikasema kitaondoka. Hakiondoki, kinakua. Baba yako sijamwambia. Nikimwambia atamuuza yule ng'ombe mwekundu anipeleke hospitali, na yule ni wa mahafali yako, nilishasema, watu watakula siku hiyo. Mimi peke yangu siwezi kwenda, Mwanza kubwa, vile vibao sivisomi. Wewe unaijua hospitali. Njoo Jumamosi yoyote unichukue, tutasema tunakwenda gulioni. Nijibu humu humu kwenye kaseti, nitasikiliza peke yangu. Hata ukisema tu, mama nakuja, nitaelewa. Basi mwanangu. Na uwe unakula."

Jogoo akawika. Tak. Kaseti ikaendelea kuzunguka bila neno.

Mhoja hakulia. Baba yake ndiye aliyezima redio.

"Kaseti iliporudi," alisema Mzee Chenge, "aliingia nayo ndani akafunga mlango. Alipotoka aliniambia, mtoto anakuja Pasaka. Nikasema vizuri. Kila Jumamosi alikuwa anaoga mapema, anavaa. Nikimuuliza unakwenda wapi, anasema siendi kokote. Mimi nikacheka, nikasema huyu mama kazeeka vibaya."

Pasaka ilimkuta Paskazia ana wiki mbili kaburini. Na yule ng'ombe mwekundu walimchinja msibani.

"Ungeniambia, baba."

"Nikwambie nini? Nilikuja kuisikia baada ya matanga. Nilitaka kusikia sauti yako, ukamaliza, nikakosa nguvu za kuinuka kuzima. Ndipo akasema. Nikaona bora nife nayo mimi." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Na usijiue kwa hilo. Wewe ulikuwa Mwanza. Mimi nililala naye chumba kimoja, sikusikia kitu."

"Angepona?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Usitafute mtu wa kukwambia."

Jumatatu Mhoja alifika kibandani kwa Iqbal, macho yamevimba. Fundi alisikiliza kaseti yote amesimama, bisibisi mkononi, akasahau mteja wake. Ilipokwisha, alikohoa mara mbili.

"Hii ya mwanzo, ya kwako," alisema kwa upole, "naweza kuiondoa. Nitakunakilia nyingine, ianze na mama. Hakuna atakayejua."

"Iache."

"Binti yangu, watu watakusikia."

"Wanisikie, fundi."

Iqbal hakubishana. Alinakili moja ya kuweka akiba. Ile ya asili akaigeuza, akavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni, ili mtu yeyote asiweze tena kurekodi juu yake. Mhoja alivisikia vikikatika, kimoja, cha pili. Ndipo alipoelewa kwamba hatamjibu tena, na ndipo alipolia, ameegemea meza ya fundi, na Iqbal akawafukuza wateja kibandani kwake kama mwenye msiba.

Siku ya maonyesho watu walijaa ukumbini. Wapo waliopanga picha zao, wapo waliochonga, na twiga walikuwapo vilevile, msihofu. Kigoda cha Mhoja kilikaa peke yake katikati ya chumba cha pembeni. Wa kwanza kukaa alikuwa mgeni rasmi. Akasikia "Mama shikamoo!" akatabasamu, akasikia "kwaheri," akainuka, akampongeza. Wa pili akamkuta ndama asiyenyonya, akacheka sana, akaita wenzake. Wakakaa mmoja mmoja. Huyu kuku, huyu chafya, huyu mvua. Kila mmoja alikaa kidogo, akachoka, akaona ameelewa, akaondoka. Hakuna aliyekaa hata dakika tatu. Mhoja alisimama kando ya pazia akiwatazama wanavyoinuka, na kila aliyeinuka alimwona ni yeye, ile siku, na kidole kwenye kitufe chekundu. Iliuma kuliko alivyodhani.

Mwisho akaja Mwalimu Wilhelmina na daftari lake. Akakaa. Akasikiliza shangazi na mguu wake, akasikiliza bei ya chumvi, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akaandika. Kisha akaandika tena, akafunga daftari, akainuka. Redio ikanyamaza.

"Ni kazi nzuri sana, Mhoja," alisema. "Sauti hii ni ya kweli. Nimekupitisha, hongera. Stashahada ni yako."

Wenzake wakapiga makofi. Miaka mitatu alikuwa ameyasubiri maneno hayo, na hakuyasikia.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Naomba ukae tena."

"Nimeshaelewa, mwanangu. Na wenzako wananisubiri."

"Hujaelewa. Samahani, mwalimu, hujaelewa. Naomba ukae. Hajafika kwenye neno lake."

Mwalimu Wilhelmina alitazama saa yake, kisha akamtazama Mzee Chenge, aliyekuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, amekuja peke yake kwa basi la Maige bila kumwambia mtu. Akakiweka sawa kigoda, akakaa.

"Basi, salamu zimekwisha," akasema Paskazia.